Nyuzi Hufuata Koo

Mpiga taishokoto ninayempenda mimi hana haraka. Wenzake wameshakaa, spika zinakoroma, dumbaki imeshajaribiwa mara tatu, na yeye bado amekiinamia kijisanduku chake, sikio karibu na mbao, akizungusha kigingi upana wa ukucha. Watoto wa Kibokoni, Mombasa, waliokuja kuchungulia harusi hudhani chombo kimeharibika. Hakijaharibika. Anamngoja mwimbaji.

Taishokoto ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na Morita Goro, aliyechukua vibonye mfano wa vya taipureta akaviweka juu ya nyuzi za chuma. Wahindi nao wana yao, bulbul tarang. Huku Mombasa taishokoto ilitiwa umeme, ikapata ule mlio mkali unaokata kelele za ukumbi mzima. Msikilize Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party, taarabu yenye mwendo wa chakacha, uone kazi yake.

Nyuzi za kupigia wimbo zote hukazwa kwa sauti moja, na sauti hiyo ikiwa wazi ndiyo sakafu. Chini yake hakuna kibonye. Sasa chukua mwimbaji ambaye leo koo limemshuka, kwa mafua au kwa kuimba jana usiku kucha. Wimbo unataka kuteremka, sakafu inakataa. Fundi ana njia mbili: aanzie kibonye kingine, vidole viache njia viliyoizoea, au alegeze nyuzi. Akilegeza kupita kiasi, nyuzi hugonga ovyo na mlio hupwaya. Kupandisha nako kuna bei: ukipanda sauti moja nzima tu, mkazo wa uzi huongezeka kwa karibu robo, na uzi ulioliwa na kutu ya chumvi ya bahari haukuonyi kabla ya kukatika.

Wapiga kodiani ya vibonye, ile ya mwomboko wa Wakikuyu, hawana anasa hii ya kukaza na kulegeza. Kibonye kimoja hutoa sauti hii ukisukuma na ile ukivuta, na sauti ya msingi imefungwa katika vijilimi vya chuma tangu kiwandani. Siku ya kununua ndiyo siku ya kuchagua. Baada ya hapo umeoa, na mwimbaji ndiye atakayekufuata.

Huyu wetu huchagua upya kila usiku. Hamuulizi mwimbaji anataka sauti gani. Swali hilo, naona, hujibiwa kwa majivuno. Humwambia tu, "Hebu niimbie pale pa chini kabisa, mwanangu." Mwimbaji huguna ubeti nusu, akiwa bado anajifunga leso.

"Teremsha kidogo, ami."

"Nishateremsha."

Kisha hugusa uzi wa kwanza kwa risha, polepole, halafu wa pili, mpaka ile mitetemo miwili inayogombana itulie iwe mmoja. Bado nyuzi mbili. Mwenye dumbaki anatazama saa.