Jangwani: Kupima Maji Kabla ya Kujenga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wajenzi wengi huishia hapo: wanavuta futi kamba, mita 60 zinatimia, msingi unachimbwa. Lakini maji hufuata mwinuko wa ardhi. Pale Jangwani, Dar es Salaam, ambako bonde la mto Msimbazi ni tambarare, yakishapanda husambaa mbali kuliko umbali huo.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mradi wa Ramani Huria, iliyoanza jijini humo mwaka 2015, miaka michache baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye OpenStreetMap, wakisaidiwa na picha za droni. Wenyeji wakaulizwa maji hufika wapi. Aliyewahi kuwapandisha watoto juu ya meza usiku hasahau kina cha maji yale, na jibu la "yalinifika kiunoni" mpimaji anaweza kuligeuza kuwa sentimita. Mitaro nayo ina mengi ya kusema. Mtaro wenye kina cha mita 1 ukijaa mchanga hadi katikati, uwezo wake wa kupitisha maji hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa nafasi imebanwa na mkondo pia umepungua kasi.

Hata hivyo, kumbukumbu za wenyeji hutueleza zaidi kina kuliko marudio. Hapo zinahitajika takwimu za mvua za miaka mingi. Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 yana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa nyumba ya mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni takriban asilimia 26. Hiyo ni zaidi ya robo, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajasaini.

Kinachoniudhi ni dawa ya kifusi. Kiwanja kinainuliwa mita nzima, sakafu inabaki kavu, na maji yaliyokuwa yatulie hapo yanasukumwa kwa jirani. Kibali cha ujenzi bondeni kingepaswa kudai namba mbili: sakafu iko juu ya kiwango cha mafuriko kwa kiasi gani, na kifusi kimechukua nafasi ya maji mita za ujazo ngapi. Namba ya pili isipokuwepo, ramani ya ghorofa irudishwe kwa mchoraji.