Ukuta Usiopakwa Rangi

Kutoka Chidya hadi Newala tumezoea kusifia mpingo, na tuna haki. Mchongaji akishaondoa kibanzi, hakirudi; kila pigo la tezo analipima kabla halijashuka. Ndiyo maana nadhani sisi wa huku tungekuwa mashabiki wakubwa wa mandhari yaliyochorwa kwa rangi za maji, maana nayo ni kazi isiyosamehe.

Rangi hizo ni unga laini ulioshikamanishwa kwa gundi ya migunga. Zikichanganywa na maji hupitisha mwanga: unapenya, unagonga karatasi, unarudi machoni. Jirani yetu wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alichora kwa rangi nzito za kung'aa juu ya ubao, na rangi ya namna hiyo hufunika ya chini yake. Ya maji haifunikii mtu aibu. Mchoraji huanza na kilicho chepesi, husubiri kikauke, ndipo aongeze kivuli. Akiharakisha, anga inamwagikia mlimani. Na anayefuata ustadi wa zamani hana kopo la rangi nyeupe. Nyeupe yake ni karatasi aliyoiacha.

Kuacha huko ndiko ninakokustaajabia kwa John Da Silva, mzaliwa wa Goa aliyehamia Unguja akiwa mtoto, akaishia kuwa mchoraji wa Mji Mkongwe. Mji ule umejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Fikiria basi mtihani wake: ukuta mweupe wenye jua la saa sita unachorwaje? Hauchorwi. Kinachopakwa ni kivuli cha roshani, mlango wa nakshi, uchochoro. Ukuta unajitokeza wenyewe. Sitamwita impreshonisti, yaani mchoraji anayefuata mwanga na hewa kuliko umbo kamili, kwa kuwa kalamu yake ya wino inajali mno kila dirisha. Hilo silioni kuwa kasoro. Beit al-Ajaib, jumba la kale la mji huo, lilipoporomoka sehemu yake Desemba 2020, thamani ya jicho linalojali madirisha ilionekana.

Impreshonisti hasa ni Camille Pissarro, naye mhamiaji: alizaliwa kisiwa cha St. Thomas mwaka 1830, akahamia Ufaransa 1855, na ndiye pekee aliyeshiriki maonyesho yote 8 ya kundi lake, 1874 hadi 1886. Yeye alifuata hewa iliyo kati ya jicho na mti.

Na hewa hiyo Masasi ipo tele. Septemba, mashamba yakichomwa, moshi huifanya milima ya mawe ionekane imeyeyuka miguuni, huku mikorosho ikibaki kijani kizito mbele yake. Mandhari hayo yanadai karatasi iliyolowa na mkono usio na pupa. Walimu wa sanaa wa Masasi na Newala, wapeni wanafunzi rangi za maji, kisha watoeni nje ya darasa.