Mwili Mmoja, Mavazi Mengi: Uhakiki wa Visanamu vya Karatasi Vinavyorekebishika katika Michezo ya Uigizaji ya Bunilizi za Kisayansi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki visanamu vya karatasi ambavyo mchezaji huvichagulia sehemu zake kabla ya kuvichapa, kuvikunja na kuvikata, kwa ajili ya michezo ya uigizaji inayojengwa juu ya bunilizi za kisayansi. Mfano mkuu ni mchezo wa Traveller wa mwaka 1977. Inajadiliwa kwamba uhuru unaotolewa na visanamu hivyo una mpaka usiotajwa: mavazi, silaha na rangi hubadilika kwa urahisi, ilhali mwili wenyewe haubadiliki. Mpaka huo unatokana kwa kiasi kikubwa na hesabu ya kazi ya mchoraji, na kwa sababu hiyo unaweza kusogezwa.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa uigizaji ni hadithi inayotungwa kwa mdomo na watu walioketi mezani. Mmoja wao, mwongozaji, hueleza mahali na matukio. Wengine kila mmoja humsemea mhusika wake. Na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Kwa istilahi za fasihi simulizi, kila aliyeketi hapo ni fanani na hadhira kwa zamu. Pamoja na maneno hayo, mara nyingi huwapo kitu cha kushikika: kisanamu chenye kimo cha sentimita tatu hivi, kinachoonesha mhusika yuko wapi na anatazama upande gani.

Kitu hiki kina historia ndefu kuliko michezo yenyewe. H. G. Wells, mtunzi wa The Time Machine (1895), alichapisha Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ulichipuka kutoka katika michezo ya vita iliyotumia visanamu vya madini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Steve Jackson Games ya Texas ilitoa Cardboard Heroes, visanamu vya rangi vilivyochorwa na Denis Loubet na kuchapwa kwenye karatasi ngumu. Karatasi ilishusha gharama na kuondoa kazi ya kupaka rangi, lakini mnunuzi alipokea mhusika aliyekwisha kuchorwa.

Hali hiyo ilibadilika faili lilipochukua nafasi ya karatasi iliyochapwa kiwandani. Toleo la 1.5 la muundo wa PDF, la mwaka 2003, liliruhusu ukurasa mmoja kubeba matabaka ambayo msomaji anaweza kuyaonesha au kuyaficha. Mchoraji sasa angeweza kuweka vichwa, mavazi na silaha katika matabaka tofauti, na mchezaji akachagua mchanganyiko wake kabla ya kuchapa. Kisanamu kikaanza kuelezwa kuwa ni cha mchezaji mwenyewe. Uhakiki huu unapima ukweli wa maelezo hayo.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki unaongozwa na nadharia ya upokezi, hasa wazo la mapengo lililoendelezwa na Wolfgang Iser katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu tendo la kusoma. Kwa mtazamo wa Iser, matini haisemi kila kitu. Huacha mapengo, na msomaji huyajaza kwa kuunganisha yaliyosemwa na yale anayoyajua. Maana huzaliwa katika ujazaji huo.

Ni rahisi kuliona tabaka linalofichwa na kuoneshwa kuwa ni pengo la namna hiyo. Makala haya yanapinga ulinganisho huo. Pengo ni mahali ambapo mtunzi hajatoa jibu. Orodha ya machaguo ni mahali ambapo mtunzi ametoa majibu sita na kumwachia mpokeaji kazi ya kuteua moja. Mteuzi ana uhuru, lakini ni uhuru ndani ya maswali yaliyoulizwa na mwingine. Kwa hiyo swali la kihakiki linakwenda mbali zaidi ya idadi ya machaguo yaliyomo katika faili. Ni lazima kuuliza pia ni mambo gani hayakuwahi kufanywa kuwa chaguo.

3.0 Uchambuzi

3.1 Ujenzi wa kisanamu

Kisanamu cha pande mbili huchorwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Picha ya mbele husimama wima. Juu yake huwekwa picha ya nyuma, kichwa chini. Ukurasa huchapwa kwenye karatasi ya manila, hukunjwa kwenye mstari wa utosini, hupakwa gundi, kisha pande zote mbili hukatwa pamoja kwa mkasi mmoja. Kwa kuwa hukatwa pamoja, mpaka wa umbo la mbele na wa umbo la nyuma sharti ulingane. Bunduki inayochomoza kulia kwa mbele lazima ichomoze kushoto kwa nyuma, kwa kipimo kile kile.

Sharti hili dogo la mkasi lina matokeo makubwa. Kila tabaka lazima lichorwe mara mbili, na kila tabaka lazima likae sawasawa juu ya mwili ulio chini yake. Vazi lililochorwa kwa mwili mmoja haliwezi kuvishwa mwili mwingine bila kuchorwa upya.

3.2 Hesabu ya matabaka

Hesabu ya kubuni inatosha kuonesha tatizo. Chukulia faili lenye mwili mmoja, vichwa vinne, mavazi matano na silaha sita. Michoro ni 16, na kwa kuhesabu mbele na nyuma ni 32. Mchezaji anaweza kupata visanamu 120 tofauti, yaani nne mara tano mara sita. Faili la namna hiyo linaonekana kuwa na ukarimu usio wa kawaida.

Sasa chukulia faili jingine lenye miili mitatu: wa kijana aliyesimama, wa mzee aliyeinama, na wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Kila mwili umechorwa pamoja na kichwa chake, na una mavazi mawili na silaha au zana mbili. Michoro ni 15, na pande mbili ni 30. Kazi ya mchoraji ni karibu sawa na ya faili la kwanza, lakini visanamu vinavyopatikana ni 12 tu.

Hapa ndipo mpaka usiotajwa unapojitokeza. Silaha mpya hugharimu mchoro mmoja wa pande mbili na papo hapo huongeza visanamu 20 katika faili la kwanza. Mwili mpya hugharimu kuchora upya kila kinachouvaa. Mchoraji mwenye muda mchache, na aliye na haja ya kutangaza idadi kubwa, atasukumwa kuelekea silaha na kuachana na miili, hata kama hana nia yoyote ya kumtenga mtu. Matokeo yake ni mustakabali wa binadamu uliojaa watu 120 ambao kwa kweli ni mtu mmoja aliyebadilisha nguo.

3.3 Mhusika wa Traveller na mwili wa faili

Uzito wa jambo hili huonekana kisanamu kinapowekwa kando ya matini kinayoitumikia. Traveller, mchezo uliobuniwa na Marc Miller na kutolewa na Game Designers' Workshop mwaka 1977, humjenga mhusika kwa njia isiyo ya kawaida. Dadu mbili hutupwa kwa kila moja ya sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi katika jamii. Matokeo huandikwa kama mfuatano wa alama sita, ambapo thamani zinazozidi 9 hupewa herufi. Kisha mhusika, akiwa na miaka 18, huingia kazini, kwa mfano jeshini au katika meli za biashara, na kutumikia vipindi vya miaka minne minne. Katika kanuni za 1977 anaweza hata kufa kabla mchezo haujaanza, akishindwa kutupa alama za kunusurika. Tangu umri wa miaka 34, dadu za uzee huanza kutishia nguvu, wepesi na ustahimilivu wake.

Kwa hiyo mhusika aliyetumikia vipindi vitano huingia katika hadithi akiwa na miaka 38. Amestaafu, ana ujuzi, na huenda mwili wake umeanza kudhoofika. Uzee ni sehemu ya fani ya mchezo huu: ndio bei inayolipwa kwa ujuzi, kwani kila kipindi kinachoongeza maarifa kinausogeza mwili karibu na hasara. Mchezaji hufanya uamuzi wa kweli anapochagua kuendelea kutumika au kuacha.

Kisanamu cha matabaka hakiwezi kubeba uamuzi huo ikiwa mwili wake ni mmoja. Tabaka la mvi linaweza kuongezwa, na tabaka la kovu pia. Hata hivyo, katika kimo cha sentimita tatu uso ni milimita chache tu, na mtazamaji wa upande wa pili wa meza hauoni. Anachokiona ni umbo: mabega, mgongo, namna miguu ilivyokaa. Umri huonekana kwenye umbo, na umbo ndilo lililofungwa. Mezani, mstaafu aliyepoteza wepesi husimama kwa mkao wa askari wa miaka 20.

3.4 Viumbe wasiokubali kukunjwa

Bunilizi za kisayansi huongeza changamoto ambayo hadithi za mashujaa wa kale hazina kwa kiwang'o hicho hicho cha ukali. Ulimwengu wa Traveller una Hiver, viumbe wenye viungo sita vilivyopangwa kuzunguka kitovu kama nyota ya baharini. Kiumbe wa aina hiyo hana mbele na nyuma kwa maana ya kibinadamu, lakini kisanamu cha kukunjwa kinadai mbele na nyuma. Wapo pia K'kree, walao majani wenye miguu minne na mikono miwili, ambao huishi kwa makundi na hawavumilii upweke. Mchoro wa mbele huwapokonya urefu wa mwili, na kisanamu kimoja kilichosimama peke yake hupingana na jinsi walivyo.

Faili linaloanza na mwili wa binadamu na kuongeza kichwa cha ajabu hutoa jibu jepesi: mgeni ni binadamu aliyevaa sura. Jibu hilo linafaa kwa baadhi ya viumbe. Kwa Hiver na K'kree linafuta wazo lenyewe lililowafanya wabuniwe, yaani kwamba akili inaweza kukaa katika mwili usiofanana na wetu.

3.5 Rangi na nywele

Tofauti kati ya ujazo na umbo ina athari nyingine iliyo karibu zaidi na wachezaji. Rangi ya ngozi ni ujazo. Hubadilishwa bila kugusa mpaka wa umbo, na kwa sababu hiyo ndilo chaguo la bei nafuu kuliko yote. Nywele ni umbo. Nywele za kipilipili zilizochanwa zikasimama, misuko iliyoning'inia, au kilemba, kila kimoja kinasogeza mstari wa mkasi na kudai mchoro mpya wa mbele na nyuma. Faili likibadili rangi bila kubadili nywele, mhusika mweusi anayepatikana ni mhusika mweupe aliyetiwa rangi. Mchezaji anayemtafuta mtu anayefanana naye katika karne zijazo ataona kwamba amekumbukwa mwishoni, baada ya mstari wa umbo kukwisha kuchorwa kwa ajili ya mwingine.

3.6 Ubora wa visanamu hivi

Haitakuwa haki kuishia kwenye kasoro. Kisanamu cha matabaka kina ubora mmoja ambao kile cha madini hakikuweza kuutoa kwa urahisi. Kwa desturi, upekee ulikuwa wa shujaa. Walinzi kumi wa kituo cha anga walikuwa kipande kimoja kilichorudiwa mara kumi, na ufanano huo ulirahisisha kuwaua. Kwenye faili, kumtofautisha mlinzi hakuhitaji gharama ya ziada. Walinzi kumi wanaweza kuwa na vichwa na mavazi tofauti, na mchezaji akalazimika kusita kabla ya kusema kwamba anapiga risasi.

Ubora wa pili uko kwenye karatasi yenyewe. Kalamu na mkasi havifungwi na orodha ya machaguo. Mchezaji anaweza kukata bega, kubandika mkongojo, au kuchora upya nywele kabla ya gundi kukauka. Hapa ndipo pengo halisi la Iser hupatikana: mahali ambapo mchoraji hakusema kitu, na mpokeaji anajibu kwa mkono wake.

Inaweza kudaiwa kuwa kisanamu ni alama ya mahali tu, na kwamba mhusika huishi katika maneno. Dai hili lina ukweli, lakini linasahau kwamba kisanamu hubaki kikionekana hata mwenye mhusika anaponyamaza. Kwa wenzake mezani, hicho ndicho anachoendelea kukisema.

4.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba urekebishaji wa visanamu vya karatasi ni wa kweli katika mavazi na silaha, na ni mdogo katika mwili. Chanzo chake ni muundo wa kazi: matabaka huzidisha idadi ya visanamu, ilhali miili huzidisha idadi ya michoro. Kwa sababu tatizo ni la mpangilio wa kazi, lina ufumbuzi. Mchoraji anaweza kuanza na miili mitatu na kuongeza silaha baadaye, akikubali kutangaza visanamu 12 badala ya 120. Anaweza pia kutoa tabaka la mistari mitupu, bila ujazo wa rangi na bila nywele, ili mchezaji amalizie mwenyewe.

Kwa upande wa uhakiki, idadi ya mchanganyiko isichukuliwe kuwa kipimo cha uhuru. Kipimo kinachofaa zaidi ni kuziweka pembeni nguo na silaha zote, kisha kuhesabu watu waliobaki. Katika faili la kwanza la mfano hubaki mtu mmoja. Katika la pili hubaki watatu.