Mama ya Mwindo na woga wa kuchelewa kuzaa

Kila mara tunapofundisha Mwindo mu kilasi, tunaona ya kama wanafunzi wanapenda yule mutoto shujaa, lakini mama yake wanamupita tu. Sisi walimu pia tulikuwa vile. Leo tumutazame huyu mama.

Karisi hii ya Banyanga wa Walikale ilisimuliwa na Candi Rureke. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa mu kitabu mwaka wa 1969. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Sita wanajifungua siku moja. Nyamwindo, mpendwa wake, anabaki na tumbo. Hapo Rureke haendi mbio: anatusikilizisha mawazo ya mama anayejiuliza, wenzangu wamepita, mimi je? Ndiyo sehemu tunayoisifu kuliko zote. Woga wa Nyamwindo unatoka kwa kujipima na wenzake.

Kwetu ni vile vile. Binti anahesabu watoto wa wale waliosoma naye, hahesabu miaka ya mwili wake. Mu miaka 25 anasumbuliwa na jamaa, eti amelogwa, mu miaka 38 anajituliza: "Damu ya mwezi ingali inakuja." Mmoja tuliyemufundisha alituuliza kwa machozi: "Mwalimu, mbona hamukutuambia?" Mwanamuke anazaliwa na mayai yake yote, nayo yanapunguka kila mwaka. Kisha miaka 37 uwezo wa kushika mimba unashuka mbio, hata kama damu haijakatika.

Ndipo tunalaumu namna karisi inavyosikiwa. Mwindo anatokea mu kidole cha katikati cha mama yake, tayari anasema na kutembea. Basi wazee wanafariji: anayekawia anazaa mukubwa. Lakini Nyamwindo alikawia kujifungua; mimba alikuwa nayo tayari. Faraja hiyo haifai kwa mwenye kungojea mimba.

Tena, Shemwindo anaamuru matumbo ya wake zake, yeye mwenyewe hakuna anayemuuliza. Na leo bwana wangapi wanakataa kupimwa, na shida inaweza kuwa kwao? Mwaka mmoja ukipita bila mimba, ao miezi sita kama bibi amepita miaka 35, waende wote wawili kwa munganga.

Tuendelee kufundisha Mwindo. Ila siku ya somo hilo, tusimame kidogo mu nyumba ya Nyamwindo, na mabinti wetu wasikie.