Visikizi vya Bei Nafuu Mitunguu: Kinachoandikwa Kwenye Boksi na Kinachopimika Kaunta

Visikizi visivyo na waya, ambavyo wauzaji wengi nchini Kenya huviita Airpods hata pale ambapo havina uhusiano wowote na kampuni ya Apple, ni jozi ya spika ndogo zinazochomekwa masikioni, kila moja ikiwa na betri yake, maikrofoni yake na chipu inayopokea sauti kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth, pamoja na kikasha chenye betri kubwa zaidi kinachovihifadhi na kuvichaji. Katika Mitunguu, mji mdogo wa Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru ulio kwenye barabara inayoteremka kutoka Nkubu kuelekea Tharaka, bidhaa hii huuzwa katika maduka yaleyale yanayouza vocha, kava za simu na chaja, na mara nyingi mnunuzi huichagua kwa kusoma boksi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba boksi ndilo shahidi dhaifu kuliko wote, na kwamba mkulima wa ndizi wa huko anayeielewa vyema tofauti kati ya kuuza mkungu kwa kukadiria na kuuuza kwa kilo tayari anayo mbinu bora ya kununua visikizi, nayo ni kupima.

Ili kuelewa kwa nini boksi haliaminiki, inafaa kuona jinsi bei ilivyoshuka. Apple ilipotangaza AirPods mnamo Septemba 2016 kwa dola 159, jozi ya namna hiyo ilihitaji chipu iliyobuniwa na kampuni yenyewe na kazi ngumu ya kuyafanya masikio mawili yapokee sauti kwa wakati mmoja bila waya kati yake. Miaka michache baadaye, kampuni za China kama Jieli ya Zhuhai na Bluetrum ya Shenzhen zilikuwa zikiuza chipu moja ya bei ya chini sana iliyokusanya redio, kifumbuzi cha sauti na msimamizi wa chaji ndani ya kipande kimoja, hivi kwamba kiwanda kidogo kilichobaki na kazi ya kutengeneza ganda la plastiki, kutia betri na kuchapa boksi kiliweza kuingia sokoni bila mhandisi wa sauti hata mmoja. Wakati huohuo Transsion, kampuni ya Shenzhen inayomiliki Tecno, Infinix na itel, ilitumia mtandao wake wa maduka barani Afrika kusambaza vifaa vya Oraimo, na kwa njia hiyo bidhaa zenye jina na dhamana zilifika hadi miji midogo. Matokeo ni soko ambamo jozi mbili zenye umbo moja na maneno yaleyale kwenye boksi zaweza kutofautiana kabisa kwa kile kilichomo ndani, kwa sababu kuandika sifa hakugharimu chochote, ilhali betri na maikrofoni hugharimu.

Sifa inayotiliwa chumvi zaidi ni uwezo wa betri, unaopimwa kwa miliampea-saa (mAh), yaani jumla ya umeme ambao betri huweza kutoa kabla haijaisha. Kisikizi kimoja cha kawaida huwa na betri ya takriban mAh 30 hadi 50, na kinapocheza muziki kwa sauti ya wastani hutumia kama miliampea 6 hadi 8. Kwa hiyo betri ya mAh 40 hudumu saa 5 hadi 6, na tangazo la saa 12 kwa chaji moja kwenye kisikizi kidogo cha bei ya chini linapaswa kutiliwa shaka. Kikasha chenye mAh 400 hakitoi zote 400, kwani robo hivi hupotea kama joto na katika kubadilisha volti. Zinazobaki, kama 300, zikigawanywa kwa 80 zinazohitajika na masikio yote mawili, humpa mtumiaji chaji karibu nne. Hesabu hii yaweza kufanywa nyuma ya risiti, nayo hufichua mengi.

Lakini tarakimu zenyewe zikiwa za uongo, hesabu haisaidii, na hapa ndipo mizani inapoingia. Betri ya lithiamu, hata iliyo bora, hubeba takriban watisaa 250 za nishati katika kila kilo moja ya uzito wake. Kikasha kinachodaiwa kuwa na mAh 3,500, kama vile vikasha vikubwa vyenye tarakimu za kuwaka ambavyo huuzwa pia kama benki ya chaji, kingehitaji kuhifadhi karibu watisaa 13, na betri yake peke yake ingekuwa na uzito wa gramu 50 au zaidi, kabla ya kuongeza plastiki, saketi na visikizi vyenyewe. Kikasha kizima pamoja na visikizi vyake kikiwekwa kwenye mizani ndogo ya dijitali na kuonyesha gramu 45, dai hilo limekwisha kujibiwa, wala hakuna haja ya kubishana na muuzaji, ambaye pengine naye alidanganywa na aliyemuuzia.

Namba ya pili inayopotosha ni toleo la Bluetooth. Wanunuzi wengi huamini kwamba 5.3 hutoa sauti safi kuliko 5.0, ilhali maboresho makuu ya toleo la 5.0 yaliyotangazwa mwaka 2016, yaani kasi na umbali zaidi, yalihusu njia ya matumizi madogo ya umeme, wakati muziki katika visikizi vingi vya bei nafuu bado unasafiri kwa njia ya zamani. Kinachoamua ubora wa sauti iliyosafirishwa ni kodeki, yaani kanuni ya kuibana sauti ili ipite hewani na kuifungua upande wa pili. Kodeki ya SBC ni ya lazima kwa kila kifaa cha Bluetooth kinachocheza muziki, na ndiyo sababu hata simu ya kabambe yenye Bluetooth ya miaka mingi iliyopita itaungana na visikizi vipya. Katika jozi ya bei hii, SBC inatosha. Anayelipa zaidi kwa ajili ya kodeki ya kifahari huku spika yenyewe ikiwa dhaifu ni kama aliyenunua mfereji mpana wa kupeleka maji kwenye shamba lenye chemchemi ndogo.

Umbali wa mita 10 unaoandikwa kwenye boksi nao una tafsiri yake shambani. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hunyonywa sana na maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kuuzunguka mwili, ila katikati ya shamba hakuna ukuta wa kuyarudisha, na majani ya migomba yaliyolowa maji ya umwagiliaji huzidi kuyameza. Hivyo simu iliyo katika mfuko wa nyuma upande wa kushoto yaweza kukatakata sauti katika sikio la kulia, ingawa umbali haufiki hata mita moja. Hilo si lazima liwe kasoro ya kifaa, na mara nyingi kuhamishia simu kwenye mfuko wa kifuani hulimaliza.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni namna kisikizi kinavyokaa sikioni, kwa kuwa sauti nzito za besi huhitaji mfereji wa sikio uzibwe vizuri, na nafasi ndogo tu pembeni huzivujisha. Jaribio lake ni rahisi: wimbo wenye besi uchezwe, kisha kisikizi kibonyezwe taratibu kwa kidole, na besi ikiongezeka ghafla, ncha ya mpira iliyopo haitoshi, na nyingine kubwa au ndogo zaidi kati ya zilizomo kwenye boksi ijaribiwe baada ya kufutwa kwa kitambaa safi. Ncha inayoziba vizuri huzuia kelele za nje kiasi kikubwa, mara nyingi kuliko teknolojia ya kufuta kelele iliyomo katika jozi za bei ya chini, na kwa kufanya hivyo hulinda masikio pia, kwa maana msikilizaji hana sababu ya kupandisha sauti ili ishinde mngurumo wa pikipiki. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa salama kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Visikizi vya aina ya shina refu visivyo na ncha za mpira, hata vikipendeza machoni, havina kinga hiyo.

Kuhusu kelele, vifupisho viwili vinavyofanana huleta mkanganyo mkubwa madukani. ANC ni ufutaji wa kelele unaomsaidia anayesikiliza, kwa kutengeneza wimbi linalopingana na la kelele ya nje; ENC ni usafishaji wa sauti ya maikrofoni unaomsaidia aliye upande wa pili wa simu. Boksi lenye ENC halimuahidi mnunuzi utulivu wowote, na wengi hulipia wakidhani wamenunua ya kwanza. Hata hivyo, kwa mhudumu wa boda boda au dalali wa ndizi anayepiga simu mchana kutwa, maikrofoni ndiyo sehemu yenye thamani kubwa, na kipimo chake cha haki ni kutoka nje ya duka hadi stendi, kumpigia mtu anayejulikana na kumuuliza anasikia nini.

Kuna mambo mawili ambayo boksi halitaji kamwe. Simu nyingi hutumia waya wa visikizi vya kawaida kama antena ya redio ya FM, hivyo anayezoea kusikiliza Muuga FM kwa Kimeru bila kutumia bando atagundua kwamba simu yake inadai waya uchomekwe kabla redio haijafunguka. Visikizi vya zamani visitupwe. Vilevile, vikasha vingi vya bei ya chini vyenye tundu la aina ya C hukosa vizuizi viwili vidogo vya umeme vinavyoiambia chaja itoe nguvu, ndiyo maana havichaji kwa kebo yenye ncha ya C pande zote mbili, lakini huchaji vizuri kwa kebo yenye ncha pana ya zamani upande wa chaja. Jozi nzuri zimewahi kurudishwa dukani kama mbovu kwa sababu hiyo tu.

Maji na jasho huhitaji neno fupi: IPX4 humaanisha kifaa kinastahimili matone yanayorushwa kutoka pande zote, wala si kuzamishwa, na mara nyingi kikasha hakimo katika ahadi hiyo. Visikizi vilivyolowa jasho vikirudishwa ndani ya kikasha bila kufutwa, vijiti vya chaji hushika kutu, na sikio moja huacha kuchaji.

Mwisho wa maisha ya jozi huamuliwa na betri zenyewe, ambazo kwa kawaida hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na hupungua haraka zaidi zikiachwa kwenye joto, kama vile juu ya tangi la pikipiki lililo juani. Betri ya kikasha fundi wa simu aweza kuibadilisha, kwa kuwa imeunganishwa kwa lehemu na ina nafasi. Ile ya kisikizi imegandishwa kwa gundi ndani ya ganda lisilofunguka bila kuvunjika. Kwa hiyo jozi ya shilingi 800 inayokufa baada ya miezi 4 hugharimu shilingi 200 kwa mwezi, na ile ya shilingi 2,400 inayodumu miaka 2 hugharimu 100, mradi muuzaji wake awe na risiti, dhamana iliyoandikwa, na subira ya kumwacha mnunuzi apige simu moja kutoka stendi kabla ya kulipa.