Ufundi wa Kuazima Kisa

Ukitoka Jangwani ukaingia Kariakoo kwa Mtaa wa Msimbazi, katikati ya viatu vya mitumba na vyombo vya plastiki, hukosi kumkuta muuza vitabu vya zamani aliyetandaza turubai lake chini. Hapo James Hadley Chase na Elvis Musiba hulala bega kwa bega, majalada yamepauka, bei ni ya kupatana. Nimewasikia wasomi wakiliruka turubai hilo kwa tamko moja: hawa waliiga. Riwaya zetu za upelelezi ziliiga Uzungu kama tenzi zilivyoiga Uarabu. Wakishasema hivyo huona wamemaliza. Mimi naona hapo ndipo kazi ya kusoma inapoanza. Kuazima kisa kikakaa ugenini hadi wenyeji wakakidai chao ni ufundi, tena mgumu kuliko kubuni kipya, maana kila kiungo cha kisa kile kina asili inayokivuta kirudi kwao.

Wakorea wanaujua ufundi huu. Katika karne ya 15 Kim Si-seup alisoma Jiandeng xinhua, visa vya ajabu alivyoviandika Mchina Qu You mwaka 1378, naye akaandika Geumo sinhwa. Aliandika kwa Kichina, lugha ya usomi wa enzi yake, na mapenzi ya walio hai na wafu aliyachukua kutoka kwa Qu You. Lakini mizuka yake inatembea Namwon, Gaeseong na Pyongyang, na majonzi yake ni ya nchi iliyopigwa na vita. Leo Wakorea wanakihesabu kitabu hicho kuwa chemchemi ya hadithi zao.

Kwetu nampeleka msomaji kwanza kwa Shaaban Robert. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, kimejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela: Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, ana ndugu wawili waliogeuzwa mbwa, na kila usiku analazimika kuwachapa. Harun Rashid anapata habari na kudai maelezo. Shaaban ameuchukua mfupa huo mzima. Basra imekuwa Janibu, Harun Rashid amekuwa Mfalme Rai, mbwa wamekuwa manyani. Ukiishia hapo utasema amebadilisha majina tu. Lakini yatazame majina yenyewe: Adili, Hasidi, Mwivu. Katika kisa cha Waarabu jina la mtu halikwambii tabia yake, nawe unangoja jini atende. Kwa Shaaban tabia ndiyo jini. Unajua tangu mwanzo nani ataonea na nani ataonewa, kwa hiyo unaacha kuuliza nini kitatokea, unauliza mtu mwema atavumilia mpaka wapi. Tena kwa Waarabu wale ndugu hurudia uovu na kuishia kuuawa. Shaaban anawafungulia mlango wa toba. Hapo ndipo ninapomwona fundi. Aliazima kisa cha maajabu akakigeuza kuwa mashauri ya mwenendo, jambo ambalo tenzi za pwani zilikwisha kulizoeza sikio la Mswahili kwa karne nyingi.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alifanya kwa Sherlock Holmes kazi ya namna hiyo. Bwana Msa, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, ana utulivu wote wa yule Mwingereza. Ila mafumbo anayoyafumbua ni ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kwa siri, mali hii ni ya nani. Katika mji ambao kila mtu ni jamaa wa mwenzake, huko ndiko siri za kuua mtu zinakokaa.

Nimrudie Musiba, ambaye hasomwi kwa heshima anayostahili. Mpelelezi wake Willy Gamba ni mwana wa James Bond, hilo halifichiki: bastola, safari za ndege, warembo wasioaminika. Lakini mpelelezi wa Ian Fleming anailinda dola iliyotawala wengine, na Gamba anafanya kazi upande wa wanaotaka kujitawala. Katika Kufa na Kupona ya 1974 kinachotafutwa ni nyaraka za ukombozi wa kusini mwa Afrika zilizoibwa. Dar es Salaam haikuhitaji kubuniwa iwe mji wa majasusi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao hapa tangu 1963, na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa mwaka 1962. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wake, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Musiba alichukua umbo lililotungwa kuwaburudisha watu, akalitia hofu ambayo mji huu ulikuwa umeizika kwa mikono yake. Msomaji wa Jangwani aliyekifungua kitabu cha Musiba mwaka 1974 hakuwa akisoma ndoto ya mtu wa mbali. Msumbiji ilikuwa bado vitani, ikapata uhuru wake mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1975.