Anayeuliza Kabla ya Kuhukumu

Mtoto wa darasa la nne anayesinzia kila siku ikifika saa nne asubuhi, katika shule ya Rwamgasa, eneo la machimbo ya dhahabu mkoani Geita, Tanzania, anaweza kuwa na sababu nyingi. Huenda usiku alikuwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akibeba mawe. Huenda nyumbani walilala na njaa. Huenda ni malaria, au haoni vizuri ubaoni na ameshakata tamaa ya kujaribu. Huenda duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka likamfukia baba yake, na tangu siku hiyo usingizi wa usiku umemkimbia. Huenda jiko analopikia mama ndilo hilo hilo linalochomewa dhahabu. Ukisimama mlangoni, zote hizo zinafanana: kichwa kimelala juu ya dawati. Ufundi wa mwanasaikolojia wa shule ni kuzitenganisha, moja baada ya nyingine, bila kumbandika mtoto jina kabla ya wakati.

Fani hii ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwalimu Margaret Maguire alimpelekea mwanasaikolojia Lightner Witmer mvulana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Witmer hakukimbilia kupima akili. Aliyachunguza macho kwanza, akayakuta na kasoro. Mvulana akapata miwani, kisha akapewa masomo ya ziada. Utaratibu huo, wa kuondoa sababu za mwili kabla ya kugusa habari za akili, hadi leo ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Mwaka 1915, katika jimbo la Connecticut, Arnold Gesell akawa wa kwanza nchini humo kupewa rasmi cheo cha mwanasaikolojia wa shule.

Kwenye ikama ya shule zetu za msingi cheo hicho hukikuti. Kazi anaifanya mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, ambaye Waraka wa Elimu namba 11 wa mwaka 2002 ulitaka shule ziwe na huduma yake. Huko Marekani chama cha fani kinataka mafunzo kwa vitendo ya saa 1,200 kabla ya mtu kuanza kazi. Kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya ualimu katika saikolojia, lakini walimu wengi wa malezi wameteuliwa kwa sababu watoto wanawapenda, na vipindi vyao vya hisabati vinabaki pale pale. Ushauri unatolewa saa ya mapumziko, chini ya mti, kwa kuwa ofisi ya walimu imejaa.

Mtazame aliye hodari anavyoanza. Hamwiti mtoto kwanza. Anafungua daftari la mahudhurio na kuzisoma alama za miezi mitatu. Utoro nao una mpangilio wake. Anayekosa siku ile ile kila wiki, huenda yuko mnadani akiuza kitu. Aliyekuwa akija vizuri kisha akatoweka wiki nzima pamoja na wenzake wanne, ujue kumetokea rashi mahali, dhahabu imeonekana na watu wamehamia huko. Anayehudhuria kila siku ila anasinzia, huyo hakimbii shule. Shule ndiyo inayomkuta amekwisha.

Ndipo anamwita. Mtoto anasema "Shikamoo mwalimu", anaitikiwa "Marahaba", halafu kimya. Mwalimu hafungui na "Kwa nini unalala darasani?", maana swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni kuinamisha kichwa. Anamuuliza nyumbani wanaishi wangapi, nani anaamka wa kwanza, jana jioni walikula nini. Akiona Kiswahili kinamkwama mtoto, anahamia Kisukuma, na mtoto aliyekuwa anajibu neno moja moja anaanza kusimulia. Uamuzi huo mdogo una uzito: kuna watoto walioitwa wazito wa akili kwa sababu tu waliulizwa kwa lugha ya mwenzao.

Mtafiti Robert Serpell alilionyesha jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, wa Uingereza walishinda. Kwa waya, ambao Wazambia huutumia kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia wakashinda. Kwa udongo walikuwa sawa. Mwalimu wa Rwamgasa anayemwona mtoto ameshindwa kuchora pembetatu, kisha akamkuta nje anapiga hesabu ya mgao wa mifuko ya mawe bila kukosea, ana sababu ya kuiahirisha hukumu yake.

Zebaki, ambayo wachimbaji hunasia dhahabu kisha huichoma, inahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2003 mradi wa UNIDO uliwapima afya watu wa Rwamgasa na kuwalinganisha na wa Katoro, na baadhi ya wachomaji wa dhahabu walikutwa na dalili za sumu hiyo. Kimojawapo cha vipimo kilikuwa kupanga njiti ndani ya kiberiti kwa mikono miwili huku muda unahesabiwa, kwa sababu zebaki huharibu mfumo wa fahamu na mikono hutetemeka. Mwalimu hana mamlaka ya kusema "mtoto huyu ana sumu." Lakini akiuona mwandiko uliokuwa mzuri umeanza kuyumba, na mtoto anasahau alichosoma jana, anamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya na kuuliza nyumbani wanachomea wapi dhahabu.

Kuna mahali siri ya mtoto inakoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja kazi ya migodini kuwa ya hatari kwa mtoto, na inamtaka anayejua haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Mwalimu hodari humweleza mtoto mapema ni yapi atayahifadhi na yapi hawezi. Na anapomwita baba, haanzi na sheria. Anaanza na hesabu: mtoto analeta kiasi gani kwa usiku mmoja, na fedha hiyo inanunua nini. Hapo ndipo mazungumzo ya kumtoa kwenye karasha yanapopata pa kushika, kwa sababu mzazi ameona shida yake imehesabiwa.

Njia ya mkato ipo. Kanuni za adhabu shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vikaandikwa kwenye kitabu, na jambo likaisha kwa dakika mbili. Ila vinne hivyo havitibu malaria, havileti chakula wala miwani. Mwalimu wa malezi anatumia wiki tatu kwa mtoto mmoja, na mwisho wake huenda ni jambo dogo tu: dawati la mbele, dozi ya dawa, baba aliyekubali mtoto alale nyumbani. Anayetaka kumuenzi ampunguzie vipindi na kumpa chumba chenye mlango. Kazi yenyewe anaijua.